Pasipo na Wekundu

Mama huyu alikuwa fundi cherehani, na tangu ujana wake hakuamini kitu kwa kuambiwa tu. Ukimletea kitambaa ukasema ni mita tatu, anakushukuru, kisha anakipima. Ukimwambia leo hainyeshi, anaanua nguo. Watoto wake walimwita Bi Wasiwasi, mbele yake na nyuma yake, naye alicheka nao. Habari hizi zimeandikwa kwa ajili ya mama mwingine mwenye wasiwasi kama wake, asije akautuliza kwa sababu tu watoto wanamwonea haya.

Nyumba yake ilikuwa ya vyumba vinne na kibaraza. Mume, dereva wa lori, alileta matofali. Mabati aliyaleta yeye, kwa sare za shule, kola baada ya kola, mpaka kidole cha shahada kikaota sugu ngumu kama kifungo. Kibaraza alikizungushia wavu, akaweka cherehani, na hapo ndipo wateja walipomkuta miaka yote. Mume alipofariki, watu walikaa msiba, wakala, wakaondoka, na mwanawe mkubwa akabaki nyuma ameshika funguo za gari, akizizungusha kidoleni.

Huyu mkubwa aliitwa Bosi. Alianza kuitwa hivyo akiwa darasa la pili, kwa kuwatuma wenzake dukani na kuwalipa kwa ahadi. Sasa alikuwa na duka la vipuri vya magari na miwani ya jua aliyoivaa hata ndani ya nyumba.

"Mama," alisema, "hati ya nyumba ina jina la Baba. Tukiiacha hivihivi, siku ukiondoka..."

"Niende wapi?"

"Nasema siku Mungu akipenda, Mama."

"Aa, siku hiyo. Endelea."

"Siku hiyo tutagombana kama kuku. Tuandike majina yetu watatu sasa hivi, yaishe. Wewe unakaa kama kawaida. Nani wa kukugusa?"

Mama akarudi kibarazani. Alilitafuna neno lile siku kadhaa huku akikanyaga cherehani. Alikuwa na mteja mmoja wa zamani, mwanamke mwenye heshima zake, ambaye wanawe walimtoa kwenye nyumba yake kwa maneno matamu, na tangu hapo anahama kwa huyu kwenda kwa yule na begi mkononi kama mwanafunzi wa bweni. Kila alipomkumbuka, uzi ulikatika.

Mwishowe alimwita binti yake. Huyu alikuwa mtoto wa pili, katibu muhtasi katika ofisi ya chuo, na nyumbani walimwita Sekretari. Hakuna aliyeshindana naye kwenye kompyuta. Mkuu wake wa kazi akimpa kurasa arobaini zenye makosa asubuhi, kabla ya chai zimeshanyooka. Alijua njia za mkato zote, na vidole vyake vilikwenda bila macho.

"Nimekubali," Mama alimwambia. "Lakini iandikwe kwamba nitakaa humu mpaka siku ya kutolewa nimebebwa. Na nikiwa hai nyumba isiuzwe, isikodishwe, isiwekwe rehani bila neno langu. Andika hivyohivyo, usiipambe."

"Haina shida, Mama."

"Najua haina shida. Andika."

Sekretari akaja siku ya mapumziko na laptopu yake, akaketi kwenye kiti cha wateja, akaandika makubaliano ya familia. Aya ya kwanza ilitaja warithi. Ya pili ikasema nyumba ni ya watoto watatu kwa mafungu sawa. Ya tatu ilihusu matengenezo. Ya nne ilikuwa ile ya Mama. Ya tano ilihusu tangi la maji na mita ya umeme, ya sita ikasema kwamba watoto wawili wakikubaliana katika jambo, limefungwa, wa tatu hana la kupinga, na ya saba ilikuwa ya mashahidi. Alipomaliza akamsomea yote kwa sauti, maana Mama aliishia shule ya msingi, na kusoma anajua, ila husoma kwa kidole, neno kwa neno, kama anayepita kwenye matope.

"Rudia ya nne," Mama alisema.

Akarudia.

"Mara nyingine."

"Mama! Unataka niiimbe?"

"Ukiweza, imba."

Wakacheka wote wawili. Mama alilala usingizi mzuri siku ile, usingizi ambao hakuupata tangu azikwe mumewe.

Sasa ikabaki kuwapelekea kina kaka wasome. Mtoto wa mwisho, Kitinda, alikuwa mchomelea vyuma katika mji wa mbali. Sekretari akawapigia simu wote wawili kwa pamoja, akaiweka sauti wazi ili Mama asikie, akaanza kufundisha kama yuko darasani.

"Nisikilizeni. Nimewatumia faili. Mkilifungua, pale juu nimeshawasha kitu kinachofuatilia mabadiliko. Ukiongeza neno, linatokea jekundu. Ukifuta neno, halipotei, linabaki hapohapo jekundu, limepigwa mstari. Ukiwa na la kusema, andika maoni pembeni. Mkimaliza mnirudishie, nione nani kagusa wapi."

"Na nisipogusa?" Kitinda aliuliza.

"Panabaki peusi."

"Na hicho kitu kinawashwa wapi?" Hiyo ilikuwa sauti ya Bosi. "Nisije nikakizima kwa bahati mbaya."

Akamwelekeza. Akamwelekeza vizuri, kitufe gani, kona gani, mpaka Bosi akasema amekiona. Mama, sindano ikiwa mdomoni, alifurahi kusikia wanawe wakifundishana.

Faili lilirudi baada ya wiki, na lilikuwa kama limepata surua. Karibu kila mstari una wekundu. Bosi alikuwa ameweka nukta, ameondoa nukta, amebadilisha "pamoja na" akaweka "na," ameandika jina la marehemu kwa herufi kubwa, ameongeza kwenye aya ya matengenezo kwamba tangi la maji liwekewe mfuniko. Kitinda yeye alikuwa amejaza maoni pembeni: "Chumba chenye madirisha mawili ni changu, msinichezee." Chini yake Bosi akamjibu: "Wewe utalala kwenye tangi." Na Kitinda: "Ndiyo maana umeongeza mfuniko?"

Sekretari alisoma yale maoni kwa sauti na Mama akacheka mpaka akashika ubavu. Hapo hapo alijisikia fahari. Mwanawe mkubwa, ambaye shuleni hakumaliza hata insha moja, leo amekaa chini akasoma nukta kwa nukta kwa ajili ya nyumba ya wazazi wake!

"Ona kaka yako alivyo makini," alisema.

"Amenichosha tu. Ngoja nikuoneshe, Mama." Sekretari akabonyeza. "Sihitaji kusoma yote upya. Kuna kitufe kinanirusha kutoka wekundu mmoja hadi mwingine. Hapa, nukta. Hapa, herufi kubwa. Hapa, mfuniko. Umeona? Kazi ya saa nzima naimaliza kabla chai haijapoa."

Mama akanyoosha shingo. Mistari ilipita mbele yake kwa kurukaruka, juu, chini, juu, na macho yake hayakuweza kushika chochote.

"Na ile ya nne?"

"Haina wekundu."

"Isome."

"Mama, pasipo na wekundu hapajaguswa. Ndiyo maana ya hiki kitu. Kama ingeguswa, ningeiona."

"Lakini ipo?"

Sekretari akaangalia upande wa kushoto wa kioo. Namba nne ilikuwepo, imesimama mahali pake, na maneno yake meusi tii.

"Ipo. Hii hapa, ya nne. Nyeusi."

"Basi isome, mwanangu, si maneno mengi."

"Bi Wasiwasi!" Binti akacheka, ila kicheko chenyewe kilikuwa na haraka ndani yake. "Wakili anafunga mapema leo, na kaka ameshafika kwake anatusubiri. Ulisikia mara tatu, mwenyewe ulitaka niiimbe. Mimi ndiye niliyeiandika. Huniamini?"

Hapo ndipo mama mzazi hushindwa. Angeulizwa na karani wa serikali kama anamwamini, angejibu hapana, lete nisome. Lakini anayeuliza ni mtoto wake, aliyemsomesha kwa kola za sare, na katika swali lile kuna kauli nyingine isiyosemwa: Mama, usinifanye nionekane sijui kazi yangu. Mama akavua miwani.

"Nakuamini," akasema.

Sekretari akabonyeza penye kukubali mabadiliko yote kwa mara moja. Wekundu wote ukafutika, kufumba na kufumbua, ukurasa ukawa msafi kama shuka iliyopigwa pasi. Akachapa nakala, zikatoka zina joto.

Ofisini kwa wakili palikuwa na benchi limejaa watu. Wakili alikuwa kijana mwenye mafua, akijifuta pua baada ya kila sentensi.

"Mama, umesoma?"

"Nimesomewa."

"Umeelewa?"

"Nimeelewa."

Hata hivyo Mama alichukua nakala akaanza kuisoma mwenyewe, kidole kwenye mstari wa kwanza. Alifika kwenye majina ya warithi. Nyuma yake mtu mmoja kwenye benchi akakohoa kikohozi cha makusudi. Bosi akainama, akamnong'oneza kwa upole mkubwa, "Mama, wakili ana wateja." Akampa kalamu. Kalamu yenyewe ilikuwa nzito, ya chuma. Mama akaweka saini yake, ileile anayowaandikia wateja kwenye risiti.

Walitoka nje, Bosi akawanunulia soda.

Miezi ikapita. Hati ikatoka na majina matatu. Kisha asubuhi moja, Mama akishona pindo la sketi, mtu asiyemjua akaingia kibarazani akamsalimia vizuri, akatoa futi akaanza kupima ukuta.

"Shikamoo, Mama. Usisumbuke, endelea na kazi."

"Marahaba. Wewe ndiye mpaka rangi?"

"Hapana, Mama. Sisi ni wa duka la dawa. Hapa patakuwa kaunta." Akapima na mlango. "Na huku ndani, stoo."

Mama hakupiga kelele. Alimaliza lile pindo, akakata uzi, akamkaribisha mgeni maji. Halafu akampigia Bosi.

Bosi alifika na miwani yake. Hakukataa chochote. Nyumba imepata mpangaji, mkataba wa miaka kumi, yeye na Kitinda wamekubaliana, na wawili wakikubaliana limefungwa, aya ya tano.

"Aya ya sita," Mama alimsahihisha. "Na kabla ya hiyo ipo ya nne. Bila neno langu haikodishwi."

"Ya nne ni ya tangi la maji, Mama."

"Ya nne ni yangu."

"Kasome."

Alikwenda chumbani akatoa nakala yake chini ya vitambaa. Akakaa kitandani, akavaa miwani, akasoma kutoka juu. Warithi. Mafungu sawa. Matengenezo, na mfuniko wa tangi. Nne: tangi la maji na mita ya umeme. Akarudi juu, akaanza upya, akidhani amerukia mahali. Karatasi zilikuwa mbili tu. Akazigeuza nyuma, nyuma palikuwa peupe. Zilikuwa aya sita, na namba zake zimefuatana vizuri bila pengo lolote, kwa kuwa mashine ile ukiiondolea moja, zinazobaki hujipanga zenyewe kama watoto waliozoea mwenzao kukosekana darasani.

Sekretari alikuja mbio kutoka kazini, kitambulisho cha ofisi kikiwa bado shingoni. Alimpita kaka yake bila salamu. Akafungua laptopu juu ya cherehani, akatafuta faili la kwanza kabisa, lile aliloandika siku ya mapumziko, akatafuta na lile lililowekwa saini. Kumbe upo mtambo humohumo ndani wa kulinganisha nyaraka mbili. Unaupa zote mbili, wenyewe unakuonesha kilichozidi na kilichopungua, bila kujali nani alizima nini. Alikuwa akiutumia ofisini kila wiki kwa mikataba ya watu wasiomhusu.

Ikatokea. Mama aliiona hata kabla ya kuvaa miwani. Aya nzima, nyekundu kama damu, kila neno limepigwa mstari: atakaa, maisha yake yote, isiuzwe, isikodishwe, isiwekwe.

"Ulizima," Sekretari alimwambia kaka yake. "Ulizima, ukafuta, ukawasha tena."

Bosi akavua miwani ya jua, akaipangusa kwa shati. Macho yake yalikuwa ya kawaida tu, na hilo ndilo lililomtisha Mama.

"Nyie mnaongea kama nimeiba. Faili nilirudisha mkononi kwako. Karatasi mlikuwa nazo. Wakili kauliza. Nani kakatazwa kusoma?"

"Ulituwekea manukta yako makusudi, ili tuchoke!"

"Dada, ulinifundisha mwenyewe. Hapo pa kuwashia ndipo pa kuzimia."

"Na Kitinda anajua?" Mama aliuliza.

"Kitinda anajua kuna kodi ya kugawana. Hakuuliza zaidi." Akamgeukia mama yake, na sauti ikawa ileile ya upole ya kwa wakili. "Mama, nani anakutupa? Kwangu pana chumba. Mkamwana wako ameshakitandika."

"Sitaki chumba kilichotandikwa."

"Basi kwa Sekretari. Mimi sitaki ugomvi."

Walikwenda kwa yule wakili. Alikuwa amepona mafua. Akasoma nakala zote mbili, ile ya kwanza na ile ya saini, akasema anasikitika. Akasema mahakama ipo, njia ipo, lakini ni ndefu, na jambo la kwanza watakalouliza ni kama saini hii ni ya Mama. "Na mbele yangu ulisema umeelewa, Mama. Mimi nitaitwa shahidi, na nitalazimika kusema hivyo."

"Sema," Mama alimjibu. "Ni kweli nilisema."

Kesi hawakufungua. Sekretari alitaka, akaapa kwamba atakopa, atauza laptopu, lakini Mama alimwuliza tu: nisimame mahakamani nimwambie hakimu kwamba mwanangu mmoja ni mwizi na mwingine hakusoma? Binti akafunga laptopu. Neno lile la mwisho lilikuwa limetoka bila kukusudiwa, na halikuwa na kitufe cha kulirudisha.

Ndipo mama wa watu akahamia kwa Sekretari, kwenye nyumba ya kupanga ya vyumba viwili, pamoja na mkwewe na wajukuu wawili. Cherehani ikawekwa kwenye ukumbi wa kupitia, kila anayekwenda msalani ainue mguu. Wateja hawakumfuata, palikuwa mbali. Mwanzoni Sekretari alikuwa akimnunulia hiki na kile, akimwita "Mama yangu" badala ya Mama, akimwuliza mara kwa mara kama amelala vizuri. Mama akijibu amelala vizuri. Wakawa watu wa adabu, wao waliokuwa wakitaniana mpaka majirani wanacheka.

Siku moja, wakikunja nguo, binti alishindwa kuvumilia.

"Mama, nilaumu. Nitukane, basi. Hii adabu yako inaniua."

"Sikulaumu."

"Unanilaumu."

Mama akakunja shati, akalikunjua, akalikunja tena.

"Nilikuomba usome."

"Ndiyo, Mama."

"Nilikuomba, nikarudia. Sikuwa na la kufanya siku ile ila kukusikiliza. Ungesoma maneno mawili tu ya mwanzo. Ungesema 'Tangi la,' mimi ningekwambia simama."

"Ndiyo, Mama."

"Hukuwa na nafasi ya maneno mawili."

Sekretari alilia, na Mama hakumnyamazisha. Alimaliza kukunja nguo zote, akazipanga. Kuna mambo mama hujua ni dhambi kuyasema na husema, na akishayasema hapati nafuu aliyotarajia. Yule mwizi alikuwa bado anampenda kwa mazoea, kama mtu anavyolipenda jino bovu. Aliyemshinda kumsamehe ni huyu mwaminifu, huyu aliyemleta kwake, anayemlisha. Usiulize kwa nini. Kama unaye mama asiyesoma haraka, msomee yote, meusi na mekundu, hata akikuchosha, hata kama benchi limejaa na watu wanakohoa. Na wewe mama, wakikucheka, wakikuita majina, kaa hapohapo, kalamu wasikupe mpaka umefika mwisho. Aibu ya kuchelewesha watu inakwisha siku ileile.

Baada ya siku ile ya nguo, hawakulizungumza tena. Maisha yakaendelea kwa kupishana mlangoni.

Kisha adhuhuri moja Mama alikuwa ukumbini akirekebisha zipu ya suruali ya mjukuu. Mkwewe alikuwa amerudi mapema, yupo chumbani na mkewe, mlango umeegeshwa. Si mtu mbaya, mkwe yule, mpole, fundi wa simu, na sauti yake haikuwa na hasira yoyote.

"Mke wangu, sisemi kwa ubaya. Watoto wanalala sebuleni, mmoja anaumwa kifua. Nataka kujua tu, nijipange. Mama atakaa hapa mpaka lini?"

Mama akainua mguu kwenye kanyagio la cherehani ili isilie. Akangoja. Alimjua binti yake, mwepesi wa kujibu, hajawahi kukosa neno tangu alipoanza kusema. Chumbani kitanda kililia kidogo, mtu akageuka. Nje muuza maji alipita akipiga dumu.

Sekretari hakujibu.